Bayard Rustin: Mtu Aliyetangazwa na Maadui Zake

Ukimuuliza mwanachuo yeyote hapa kwetu Martin Luther King ni nani, hatakosa la kusema. Atakutajia hotuba ya ndoto, atakutajia umati uliofurika mbele ya sanamu ya Lincoln kule Washington tarehe 28 Agosti 1963. Sasa mgeuzie swali kidogo. Muulize ni nani aliyepanga mabasi. Ni nani aliyehesabu vyoo, akaagiza maji ya kunywa, akatafuta vipaza sauti, akahakikisha watu wapatao robo milioni wanafika asubuhi na kuondoka jioni ile ile kwa amani. Hapo utaona mtu anatazama dari.

Sisi tuliowahi kuwekwa kwenye kamati ya safari ya mafunzo tunajua kwamba basi moja tu la wanafunzi sitini linaweza kukutoa jasho. Huyu amechelewa, yule hajalipa, dereva anataka hela ya mafuta kwanza. Jamaa wa Washington alikuwa na mabasi zaidi ya 2,000, na treni za kukodi juu yake, na muda aliopewa haukufika miezi miwili. Jina lake ni Bayard Rustin. Kama hujawahi kulisikia usijilaumu. Kwa miaka mingi lilisukumwa nyuma makusudi, na sababu ya kulisukuma ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Rustin alikuwa mwanamume anayependa wanaume.

Mwezi uliopita, kwenye mijadala yetu ya usiku hosteli, ile inayoanzia kwenye mpira na kuishia kwenye dini, rafiki yangu mmoja alitoa hoja. Hivi kuna haja gani ya mtu kujitangaza kwamba ni wa mapenzi ya jinsia moja? Mbona sisi wengine hatuiti watu kuwatangazia tunampenda nani? Akaongeza kwamba huko Marekani watu hao wanaoana kisheria nchi nzima tangu 2015, kwa hiyo anayejitangaza leo anatafuta kiki tu. Kiukweli sikuwa na jibu. Hoja ilikuwa na mantiki yake, na aliyeitoa hakuwa na chuki. Nikaenda kusoma, na katika kusoma nikakutana na Rustin. Naomba tumfuate taratibu, halafu mwishoni tulirudie lile swali.

Mtoto wa bibi

Rustin alizaliwa tarehe 17 Machi 1912 West Chester, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania. Alilelewa na Janifer na Julia Rustin akiamini ndio wazazi wake, na kwamba Florence, msichana wa nyumba ile, ni dada yake. Baadaye ndipo akaujua ukweli: Florence ndiye mama yake mzazi, na hao aliokuwa akiwaita baba na mama ni babu na bibi yake. Kwetu familia za namna hiyo zipo nyingi tu, haitushangazi.

Julia alikuwa bibi wa aina yake. Alikuzwa katika mafundisho ya Quaker, dhehebu ambalo Kenya magharibi linajulikana kama Kanisa la Marafiki. Hawa wanaamini kwamba binadamu wote ni familia moja na kwamba vita haviwezi kuwa njia ya haki. Aidha alikuwa mwanachama wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi. Zama hizo mtu mweusi, hata awe msomi namna gani, alikuwa anakataliwa hotelini, kwa hiyo watu kama W. E. B. Du Bois na James Weldon Johnson wakipita mji ule walipokewa nyumbani kwa Julia. Mtoto akakua anawaona wakubwa hao mezani.

Shuleni alikuwa mkali wa riadha na mpira wa Kimarekani, na alikuwa na sauti nyororo ya tena. Akiwa bado kijana aligoma kukaa upande waliotengewa weusi kwenye jumba la sinema la mjini kwao, akakamatwa.

Na alikuwa bado kijana vilevile alipomwambia bibi yake kwamba anavutiwa na wanaume. Kwa simulizi yake mwenyewe, bibi hakupiga kelele wala hakumfukuza. Alilipokea kama jambo la maisha, akamwonya tu awe mwangalifu na watu wa kuandamana nao. Yaani hebu tafakari: Marekani ya miaka ile, mji mdogo, familia ya kanisani. Mtu wa kwanza kuambiwa hakutikisika. Nadhani sehemu kubwa ya ujasiri wa Rustin ilianzia jikoni kwa Julia.

Mwaka 1932 alijiunga na Chuo Kikuu cha Wilberforce, kisha akaenda Cheyney, chuo cha ualimu cha watu weusi karibu na kwao. Sisi wa kitivo cha elimu hapo tuna haki ya kutabasamu kidogo. Hakumaliza shahada. Mwaka 1937 alihamia Harlem, New York, akasoma City College, akawa anaimba kwenye kumbi ili apate kula. Aliingia kwenye umoja wa vijana wa chama cha Kikomunisti kwa sababu wao walikuwa wanapinga ubaguzi wa rangi kwa vitendo. Mwaka 1941, Urusi ya Kisovieti ilipovamiwa na Ujerumani, chama kikawataka vijana waache kwanza mapambano dhidi ya ubaguzi jeshini. Rustin akaondoka. Lakini hiyo alama ya ukomunisti ilimng'ang'ania maisha yake yote.

Basi la kwenda Nashville

Baada ya hapo alipata wakubwa wawili wa kumlea kisiasa. Wa kwanza ni A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wafanyakazi weusi wa mabehewa ya kulala ya treni. Wa pili ni A. J. Muste, mchungaji aliyeongoza shirika la wapinga vita liitwalo Fellowship of Reconciliation. Muste alimwajiri azunguke nchi nzima akifundisha njia za Gandhi za kudai haki bila kupiga mtu.

Mwaka 1942 alipanda basi la Louisville kwenda Nashville. Weusi walitakiwa kukaa nyuma. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipokuwa anapita kuelekea nyuma, mtoto wa Kizungu alinyoosha mkono achezee tai yake, na mama yake akamvuta akamkataza kumgusa mtu mweusi, kwa lile neno la matusi. Rustin akawaza: nikienda kukaa nyuma kimya kimya, mtoto huyu atakua akidhani mimi nimeridhika. Akakaa mbele. Polisi walisimamisha basi, wakamtoa, wakampiga sana. Hakurudisha hata kofi.

Kwa nini nimekaa kwenye kisa hiki? Kwa sababu uzeeni Rustin alieleza kwamba muda si mrefu baada ya safari ile aliona jambo la mapenzi yake ni lile lile. Akinyamaza, naye anakuwa sehemu ya chuki inayomwumiza, kwa sababu anawaacha watu waamini kwamba watu wa aina yake hawapo, au wapo na wanaona aibu. Tangu hapo hakuwaficha watu aliofanya nao kazi. Hakuita waandishi wa habari, wala enzi hizo hapakuwa na mtu wa kuwaita. Aliacha tu kudanganya.

Mwaka 1944 alifungwa kwa kukataa utumishi wa jeshi, akakaa gerezani zaidi ya miaka miwili. Humo ndani alianza kupinga ubaguzi wa kutenganisha wafungwa weusi na weupe. Uongozi wa gereza ukatumia habari za mahusiano yake na wanaume kumvunja nguvu. Hii tuiweke akilini, maana itajirudia. Mtu anadai jambo la haki, na wasioweza kujibu hoja wanaleta faili la chumbani.

Mwaka 1947 akawa miongoni mwa wanaume 16, weusi 8 na weupe 8, waliopanda mabasi majimbo ya Kusini wakikaa mchanganyiko ili kuipima hukumu ya Mahakama Kuu iliyokataza kutenganisha abiria wanaovuka majimbo. Alikamatwa Chapel Hill, North Carolina, na mwaka 1949 akatumikia siku 22 za kazi ngumu barabarani pamoja na wafungwa wa minyororo. Katikati ya hayo alikuwa ameshafika India kujifunza kwa wafuasi wa Gandhi. Kwa kifupi, kabla King hajajulikana, huyu mtu alikuwa ameshalipa ada ya masomo yote.

Pasadena

Januari 1953 alikwenda Pasadena, California, kutoa mhadhara. Usiku ule polisi walimkuta ndani ya gari na wanaume wawili. Akahukumiwa siku 60 jela, na magazeti yakaandika.

Ili kuelewa uzito wake lazima uijue Marekani ya mwaka ule. Mapenzi ya jinsia moja yalikuwa kosa la jinai katika kila jimbo. Aprili 1953 Rais Eisenhower alitia saini amri iliyowezesha watu hao kufukuzwa kazi za serikali kuu. Madaktari wa akili waliwahesabu kuwa wagonjwa, na orodha hiyo haikubadilishwa hadi 1973. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini mtu hakujitangaza wazi zama zile, tunauliza kwa nini hakujipeleka polisi mwenyewe.

Muste, yule mlezi, hakumsimamia. Rustin alilazimika kujiuzulu kwenye shirika alilolitumikia miaka kumi na zaidi. Hawa walikuwa watu wa amani, watu wa kusali, waliokuwa tayari kufungwa kwa ajili ya mtu mweusi kukaa kiti cha mbele. Kwa hili walirudi nyuma. Baadaye mwaka ule ule chama kingine cha wapinga vita, War Resisters League, kikamwajiri, akakaa nako miaka kumi na miwili. Lakini tangu hapo alijua kwamba popote atakapojitokeza mbele, Pasadena itatangulia kufika. Akaanza kufanya kazi nyuma ya pazia.

Tishio la 1960

Mwaka 1956 alitumwa Montgomery, Alabama, ambako watu weusi walikuwa wamesusia mabasi ya mji na mchungaji kijana wa miaka 27 amejikuta kiongozi wao. Nyumbani kwa King kulikuwa na bunduki za kujilinda, jambo la kawaida kabisa kwa mtu ambaye nyumba yake ilikuwa imelipuliwa kwa bomu. Rustin akakaa naye, akamfafanulia kwamba mapambano yasiyo ya vurugu hayawezi kuishi nyumba moja na bastola. King alikuwa amesoma habari za Gandhi darasani, Rustin alikuwa ameziishi. Hata hivyo wiki chache tu baadaye watu wakaanza kunong'ona kwamba mtu mwenye faili kama lile ataharibu harakati. Akaondolewa mjini, akaendelea kushauri kwa mbali. Mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa waliochora msingi wa SCLC, umoja wa wachungaji ambao King aliuongoza hadi kifo.

Halafu ukaja mwaka 1960. King na Randolph walipanga maandamano nje ya mkutano mkuu wa chama cha Democrats Los Angeles. Wakubwa wa chama hawakuyataka. Adam Clayton Powell, mbunge wa Harlem, mweusi mwenzao na mchungaji, akampelekea King ujumbe: asipoyafuta maandamano, yeye Powell atatangaza kwamba King na Rustin ni wapenzi. Ulikuwa uongo mtupu. Lakini uongo huo ulikuwa na miguu, kwa sababu nusu yake, yaani habari ya Rustin, ilikuwa kweli na kila mtu aliiogopa.

King akaogopa. Rustin akasubiri akatazwe kuondoka, hakukatazwa, akajiuzulu. Mwandishi James Baldwin, ambaye naye alikuwa anapenda wanaume, alimlaumu King hadharani kwa jambo hilo. Sisemi haya kumchafua King. Nayasema kwa sababu tumezoea kuwaweka mashujaa kwenye kioo hadi tunasahau kwamba nao waliwahi kumwacha mtu njiani.

Alipita Dar es Salaam

Kuna kipande cha maisha yake kinachotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa na miezi michache tu ya uhuru, Rustin alikuja Dar es Salaam pamoja na Bill Sutherland, Mmarekani mweusi mpinga vita, na Michael Scott, kasisi Mwingereza aliyepigania haki za Waafrika wa Kusini. Walikuwa chini ya jumuiya iitwayo World Peace Brigade. Mpango ulikuwa kuwaandaa watu watakaoandamana kwa miguu kuvuka mpaka kuingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kumuunga mkono Kenneth Kaunda na chama cha UNIP. Nyerere aliwapokea. Mwishowe maandamano hayakufanyika, kwa sababu njia ya uchaguzi ilifunguka na UNIP ikaingia huko.

Nilipolisoma hili nilikaa kidogo. Huyu mtu alikanyaga mchanga wetu akiwa na jambo letu kichwani, na vitabu vyetu vya historia ya ukombozi havimtaji. Na wakati anatembea mitaa ile, sheria ya jinai iliyoachwa na mkoloni Mwingereza ilikuwa inamhesabu mhalifu hapa kama ilivyomhesabu kwao. Uingereza yenyewe ililegeza sheria yake mwaka 1967. Sisi ile tuliyoachiwa bado tunayo, na tumeiongezea makali.

Agosti 1963

Mwaka 1963 Randolph aliamua kuifufua ndoto yake ya zamani ya maandamano makubwa Washington. Alimtaka Rustin aongoze maandalizi. Roy Wilkins, mkuu wa NAACP, akakataa katakata: ukomunisti wa ujanani, jela ya vita, Pasadena, vyote vitatumika dhidi yetu. Hapo Mzee Randolph akacheza karata safi. Akakubali kuwa mkurugenzi yeye mwenyewe, kwa sharti kwamba atachagua naibu wake. Akamchagua Rustin.

Ofisi ilikuwa jengo bovu Harlem. Vijana wa kujitolea, wengi wao wanafunzi, walishinda kwenye simu. Rustin aliandika maelekezo ya kila kitu, hadi aina ya chakula cha kubeba kisichoharibika kwa joto la Agosti. Huko New York watu wa kujitolea walifungasha maboksi 80,000 ya chakula. Aliwaandaa polisi weusi wa New York waje siku yao ya mapumziko, bila bunduki, walinde utaratibu. Alidai vipaza sauti bora kabisa, kwa hoja ya kiualimu kabisa: mtu wa nyuma asiposikia, hatulii. Siku moja kabla, mitambo ile ilihujumiwa. Ikabidi serikali ilete wanajeshi wa mawasiliano kuitengeneza usiku.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Strom Thurmond, seneta wa South Carolina na mtetezi mkubwa wa ubaguzi, akasimama ndani ya Seneti akamtaja Rustin kwa jina. Mkomunisti, mkwepa jeshi, mfungwa wa Pasadena. Akaingiza rekodi ya kukamatwa kwake kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Kwa hiyo ukiniuliza ni nani aliyemtangaza Bayard Rustin mbele ya taifa zima, jibu ni adui yake, aliyekuwa anatafuta kuua maandamano.

Safari hii hayakufa. Randolph aliwaita waandishi, akasema kwa niaba ya viongozi wote kwamba wana imani kamili na Rustin. King hakukimbia. Hata Wilkins, aliyekuwa amempinga, alisimama naye. Thurmond akabaki na karatasi zake mkononi. Tarehe 28 ikafika, watu robo milioni wakaja, jioni Rustin akasimama jukwaani akausomea umati orodha ya madai. Wiki iliyofuata picha yake na Randolph ilikuwa kwenye jalada la gazeti la Life. Mwaka 1964 ikapita sheria ya haki za raia, na 1965 sheria ya haki ya kupiga kura.

Uzeeni

Februari 3, 1964 aliratibu mgomo wa shule New York, wanafunzi zaidi ya 400,000 walibaki nyumbani kupinga shule za kibaguzi. Mwaka 1965 akaongoza taasisi iliyobeba jina la Randolph na kuhamia kwenye siasa za vyama vya wafanyakazi. Hapo wengi wakakorofishana naye. Vijana wa Black Power walimwona ameuza mapambano, na wapinga vita wenzake walishangaa ukimya wake kuhusu Vietnam, maana hakutaka kuvunja urafiki na Rais Johnson. Lawama hizo si za kupuuza. Hakuwa malaika.

Mwaka 1977 alikutana na Walter Naegle, wakaishi pamoja hadi mwisho. Ndoa kati yao haikuwezekana kisheria, kwa hiyo mwaka 1982 Rustin alimwasili kama mwanawe, ili wawe na haki za kifamilia. Mzee wa miaka 70 anamwasili mwenzi wake! Unacheka kidogo, halafu kicheko kinakata.

Naegle ndiye aliyemsukuma aseme. Mwaka 1986 Rustin alitoa ushahidi kutetea sheria ya jiji la New York ya kuzuia ubaguzi dhidi ya watu wa mapenzi ya jinsia moja kwenye kazi na nyumba, na mwaka huo ikapita. Mwaka ule ule aliombwa kuandika kwenye kitabu cha wanaume weusi wanaopenda wanaume. Akakataa kwa unyenyekevu. Alijibu kwamba yeye hakujitokeza kwa hiari yake, mazingira ndiyo yaliyomtoa nje, kwa hiyo haoni kama anastahili kuhesabiwa miongoni mwa wapiganaji wa jambo lile.

Alifariki tarehe 24 Agosti 1987, akiwa na miaka 75, baada ya kidole tumbo kupasuka. Mwaka 2013 Rais Obama alimtunuku Nishani ya Uhuru, akaipokea Naegle. Februari 2020 gavana wa California alimpa msamaha kwa ile kesi ya Pasadena, miaka 67 imepita.

Nirudi kwa rafiki yangu

Sasa turudi hosteli. Kuna haja gani ya kujitangaza?

Kwanza nakubaliana na rafiki yangu kwa sehemu. Ingekuwa vizuri lisiwe na maana yoyote. Rustin mwenyewe hakupenda kujulikana kwa hilo, alitaka ajulikane kwa kazi. Lakini angalia jinsi maisha yake yalivyokwenda. Gerezani 1944, Montgomery 1956, Los Angeles 1960, Seneti 1963: kila mara kulikuwa na mtu anayeshikilia habari yake kama mwenye nyumba anavyoshikilia funguo. Powell hakujali Rustin analala na nani. Alikuwa anataka maandamano yafutwe. Jambo usilolisema wewe halipotei, linabaki mikononi mwa mwingine, naye analitumia siku anayotaka.

Pili, linganisha 1960 na 1963. Mtu ni yule yule, faili ni lile lile. Mara ya kwanza tishio lilifanya kazi, mara ya pili likaanguka. Kilichobadilika ni waliomzunguka. Kwa hiyo mimi naona kujitangaza ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni yetu sisi tunaosikia: je, tutafanya kama Muste au kama Randolph? Tumekuwa tukimuuliza anayejitangaza maswali mengi sana, na sisi wasikilizaji hatujiulizi hata moja.

Tatu, na hili nalisema kwa uzito, hakuna mtu mwenye haki ya kumdai mwingine ajitangaze. Mtu aliyenyamaza Pasadena 1953 hakuwa mwongo, alikuwa anajiokoa na jela. Mahali ambapo sheria bado inafunga watu kwa jambo hili, na hapa kwetu inafunga, kunyamaza ni haki ya mtu kama kuvuta pumzi. Mimi niliye salama sina ubavu wa kumhubiria.

Jibu langu basi ni hili. Kujitangaza kutaendelea kuwa na maana kwa muda wote ambao kuna mtu anaweza kupoteza kazi, chumba au familia kwa kutangazwa na mwingine. Siku hilo likiisha, rafiki yangu atakuwa sahihi, na nitamnunulia chipsi mayai kwa furaha.

Nimalizie na West Chester. Mji ulipojenga shule mpya ya sekondari ulipendekeza iitwe jina la Rustin. Baadhi ya wakazi wakapinga, ukawa ubishi mkali kwenye bodi ya shule, mwishowe jina likabaki. Shule ilifunguliwa 2006. Nikiwa mwalimu mtarajiwa huwa nawawazia wale wanafunzi, kila mtihani wanaandika juu ya karatasi jina la shule yao, bila kuogopa na labda bila hata kuwaza. Kwenye mji ule ule ambako kijana mmoja alimwambia bibi yake ukweli, na bibi akaendelea kumpenda.